Wakili aitwe kabla ya kusaini, si baada ya barua ya kodi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wa Rusumo, Gatuna na Rubavu wanaujua msemo huo kuliko mimi mwalimu wa chaki. Mwenye lori la mahindi linalotoka Ngara hasubiri lizuiwe mpakani ndipo aanze kuulizia wakala wa forodha. Wakala anatafutwa kwanza, karatasi zinatangulia, lori linafuata. Wala hakuna anayemwita mwenye lori mwizi kwa sababu ana wakala.

La kushangaza ni kwamba watu hao hao, wanapounda chama, kituo cha watoto au shirika dogo lisilo la faida, na mfadhili akaja na fedha, hufanya kinyume kabisa. Hela hutangulia, furaha hufuata, picha hupigwa, na mwanasheria huitwa siku barua ya Mamlaka ya Mapato inapogonga mlango. Hata vyuo vyetu vikuu havijapona ugonjwa huo. Mtafiti hupata ruzuku, huanza kazi, ndipo anakumbuka kwamba kuna kibali, kuna kamati ya maadili na kuna kodi.

Hoja yangu leo ni moja. Ushauri wa sheria kuhusu kodi na utafiti si anasa ya mashirika yenye magari meupe. Ni kinga ya mtu mdogo. Anayeukosa huumia mara mbili: mara ya kwanza kama mwenye chama, na mara ya pili kama mtu anayehojiwa na kuandikwa kwenye madaftari ya watafiti.

Nianze na chama.

Hapa Niboye, kuanzia Gatare hadi Nyakabanda, wengi tumerudi kutoka nje. Wapo waliotoka Uganda, Burundi, Kongo na Kenya, na wapo tuliosomea Tanzania. Mtu aliyeishi ukimbizini anajua thamani ya chama, kwa sababu kule chama ndicho kilichomzika maiti na kumlipia mtoto ada. Hivyo tuliporudi tuliendelea kuunda vyama. Hilo ni jambo jema na naomba nisieleweke vibaya.

Tatizo ni imani moja iliyoota mizizi: kwamba shirika lisilo la faida halilipi kodi. Imani hiyo ina ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaoua. Kweli, sheria zetu za kodi ya mapato, tangu ile ya mwaka 2005, zimeyapa msamaha mashirika ya dini, ya hisani, ya sayansi na ya elimu, kwa masharti yake. Lakini msamaha huo ni wa kodi ya mapato ya shirika lenyewe. Hauwagusi watu wanaolipwa na shirika. Mwalimu unayemlipa posho ya kila mwezi ana kodi ya mshahara, nayo inakatwa na kupelekwa na mwajiri. Mtaalamu wa nje unayemlipa kwa huduma ana kodi ya zuio ya asilimia 15, na sheria imesema wazi kwamba hata taasisi iliyosamehewa kodi ina wajibu wa kuikata. Ukinunua kompyuta dukani, VAT ya asilimia 18 imo ndani ya bei, na anayetaka kurudishiwa kwa sababu mradi wake una mkataba na serikali lazima afuate utaratibu wenye hati zake.

Nitoe mfano wa chama kimoja cha mtaani kwetu ambacho sitakitaja. Kilipata fedha kupitia chuo kikuu kimoja cha ng'ambo ili kuendesha masomo ya jioni kwa watoto waliorudi kutoka Tanzania, maana watoto hao walijua Kiswahili na hawakujua kuandika Kinyarwanda. Walimu 6 waliokuwa na ajira zao mchana walilipwa faranga 80,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa miezi 10. Mtaalamu mmoja kutoka Kampala alilipwa faranga milioni 2 kwa kuandaa vitabu. Kila faranga ilifanya kazi yake. Hakuna aliyekula.

Kisha ikaja barua. Mama mwenyekiti alinijia nayo mkononi akaniuliza, "Mwalimu, sisi hatuuzi kitu. Kodi ya nini?"

Tukae tuhesabu. Mtaalamu wa Kampala: asilimia 15 ya milioni 2 ni faranga 300,000, zilizopaswa kukatwa kabla ya kumlipa. Walimu je? Hapa ndipo wengi hunaswa. Sheria ya Rwanda inasema mtu mwenye mwajiri mwingine tayari, mwajiri wa pili humkata kwa kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mishahara, yaani asilimia 30. Asilimia 30 ya 80,000 ni 24,000. Walimu 6 ni 144,000 kwa mwezi, na kwa miezi 10 ni faranga 1,440,000. Ukijumlisha unapata 1,740,000, na hapo hujagusa riba wala faini. Chama hakikuwa na hela hizo. Mtaalamu alikwisha rudi kwao na walimu walikwisha lipa kodi za nyumba.

Mama mwenyekiti akaandika barua kwa mfadhili kuomba msaada. Jibu lilikuwa la adabu na lilikuwa hapana. Kwa nini? Kwa sababu fedha nyingi za aina hiyo zina kanuni zake. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu ruzuku, kwa mfano, haziruhusu faini za kuvunja sheria zilipwe kwa fedha za ruzuku, na zinadai kumbukumbu zitunzwe angalau miaka 3 baada ya hesabu za mwisho. Chuo kikuu cha ng'ambo kilijua hayo yote, kwa sababu kina ofisi nzima ya mawakili na wahasibu ambao kazi yao ni hiyo tu. Hao ndio walioandika mkataba. Mama mwenyekiti ndiye aliyeusaini.

Na hapa nataka msomaji aelewe jambo ambalo halisemwi. Wakili wa chuo kikuu ni wakili wa chuo kikuu. Si mtu mbaya, na akikutana nawe atakupa chai. Lakini ameajiriwa kumlinda mwajiri wake. Akiandika kwamba mpokeaji wa ruzuku ndogo atawajibika kwa kodi zote za nchi yake, na kwamba fedha zikitumika kinyume zitarudishwa, huyo anafanya kazi yake sawasawa. Swali ni kwamba upande wa pili wa meza, nani amekaa karibu na mama mwenyekiti?

Mambo haya yamezidi kuwa mazito. Mwaka 2024 Rwanda ilipata sheria mpya ya mashirika yasiyo ya kiserikali, iliyoweka ya kitaifa na ya kimataifa chini ya sheria moja badala ya mbili za mwaka 2012. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha miradi mingi ya misaada kuanzia Januari, na kufikia Julai 1 shirika lake la USAID lilikuwa limefungwa. Mashirika mengi ya kanda yetu yalijikuta yamekwisha ajiri, yamekwisha kopa, na hela hazipo. Wakati kama huo ndipo mtu hufungua mkataba na kutafuta kifungu cha kusitisha kazi. Aliyekuwa na mwanasheria alijua anachodai na anachodaiwa. Asiyekuwa naye alibaki kusali.

Iko pia habari ya lugha, na hii inatuhusu sana sisi tuliorudi. Mwaka 2008 nchi yetu iliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na mwaka 2017 Kiswahili kikawekwa kwenye sheria kama lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lugha 4 rasmi ni utajiri. Lakini mzee aliyesoma Bukavu anasoma Kifaransa, mwenzake aliyesoma Karagwe anasoma Kiswahili, na mkataba wa kurasa 40 umekuja kwa Kiingereza cha mawakili ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi. Wote wawili wanaulizwa kama wamesoma na kukubali. Watasema nini mbele ya mgeni? Wanasaini.

Sasa nije upande wa pili, ule wa utafiti. Hapa nawaomba akina mama wa mpakani wanisikilize.

Hakuna watu waliohojiwa katika nchi hii kama nyinyi. Pale Petite Barrière, kati ya Rubavu na Goma, ambako maelfu kwa maelfu hupita kila siku na nyanya, maziwa, unga na vitenge, watafiti nao hupita na makaratasi yao. Wanauliza umebeba nini, faida ni kiasi gani, umepita wapi, umempa nani kitu kidogo, mumeo anafanya nini. Wanaandika jina na namba ya simu. Wengine wanapiga picha. Kisha wanakupa karatasi utie saini au dole gumba, halafu humwoni tena.

Mtu atasema, majibu ya mama wa nyanya yana madhara gani? Yana madhara. Fikiria mama aliyemweleza mtafiti alimlipa nani upande wa pili wa mpaka ili apite. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23. Wenye mamlaka wamebadilika, lakini daftari la mtafiti halikubadilika. Jina liko pale pale na namba ya simu iko pale pale. Nani analo daftari hilo? Liko kwenye kompyuta ya nani? Linasomwa na nani?

Wanyarwanda tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza maswali hayo. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji walihesabu watu wetu na kuwapa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo hivyo vilitumika kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua nani afe. Nchi hii inajua orodha ya majina inaweza kufanya nini ikiangukia mkono mbaya. Sisemi kwamba kila mtafiti ni hatari, la hasha! Nasema kwamba taarifa za mtu ni mali yake, na mali bila ulinzi huibiwa.

Dunia nayo ina mafunzo yake. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, watafiti wa serikali waliwaangalia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata baada ya dawa kupatikana. Aibu hiyo ndiyo iliyochochea sheria ya mwaka 1974 na taratibu za ridhaa na kamati za maadili ambazo leo vyuo vya Marekani vinazifuata. Na Afrika tunayo yetu. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan katika utafiti wa watoto wapatao 200. Watoto 11 walifariki, wengine wakapata ulemavu. Familia zilidai hazikuelezwa sawasawa kwamba yale ni majaribio. Kampuni ilikana kosa, lakini mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 katika maafikiano na Jimbo la Kano. Kesi ilichukua miaka. Fedha zilikuja, watoto hawakurudi.

Rwanda haikukaa bure. Tunayo Kamati ya Taifa ya Maadili inayopitia tafiti za afya. Kibali cha utafiti kinatolewa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Na tunayo sheria ya Oktoba 2021 ya kulinda taarifa binafsi, iliyotoa miaka 2 ya kujipanga hadi Oktoba 2023. Sheria hiyo inataka ridhaa ya kweli, inampa mtu haki ya kuiondoa ridhaa yake, inamtaka anayekusanya taarifa ajiandikishe kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao, na haimruhusu kuzihifadhi nje ya nchi bila idhini. Faini yake ya kiutawala ni kati ya faranga milioni 2 na milioni 5, na kwa kampuni inaweza kufikia asilimia 1 ya mauzo yake ya mwaka uliotangulia.

Soma tena kifungu cha faini. Chama kidogo cha Niboye kinachoandika majina ya watoto, afya zao na simu za wazazi kwenye kompyuta ya kuazima nacho kinakusanya taarifa binafsi. Wangapi wanajua? Tumekwenda kinyumenyume: mama wa mpakani hajui sheria inamlinda, na chama cha mtaani hakijui sheria inakibana.

Najua yapo majibu mawili yatakayotolewa dhidi yangu. La kwanza ni kwamba taratibu zikizidi, kazi haiendi. Watu wanakufa huku kamati zinakunywa chai. Nawajibu kwa mfano wa hapa hapa. Septemba 27, 2024, Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Marburg. Oktoba 6, siku 9 baadaye, wahudumu wa afya walianza kuchanjwa chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin, katika utafiti uliokuwa na kibali. Dozi za kwanza zilikuwa kama 700. Mlipuko ulitangazwa kwisha Desemba 20, ukiwa umegusa watu 66 na kuua 15. Siku 9! Kamati iliweza kwenda haraka kwa sababu ilikuwepo kabla ya ugonjwa. Utaratibu uliojengwa mapema haucheleweshi kazi. Kinachochelewesha ni kuanza kuutafuta nyumba ikiwa inaungua.

Jibu la pili lina uzito zaidi: mawakili ni ghali. Hilo nalikubali. Chama chenye bajeti ya milioni 10 hakiwezi kumlipa wakili milioni 2. Lakini hapo ndipo wafanyabiashara wa mpakani wanaweza kuifundisha serikali. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoona kwamba mama wa vikapu hawezi kujaza makaratasi ya mwenye makontena, ilimpa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mzigo usiozidi dola 2,000. Sheria ya forodha haikufutwa, ila imepimwa kulingana na mzigo. Kwa nini tusifanye hivyo kwa mashirika madogo? Mamlaka ya Mapato na Bodi ya Utawala Bora wakae pamoja waandike mwongozo wa kurasa chache, kwa lugha zetu 4, unaosema: ukimlipa mwalimu, kata hiki, ukimlipa mgeni, kata hiki, peleka tarehe hii. Na shirika linaposajiliwa lipewe somo la siku moja kabla ya kupewa cheti. Kumfundisha mtu siku moja ni rahisi kuliko kumdai miaka 3.

Wenye vyuo vikuu nao wana deni. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi za umma za elimu ya juu, kina shule ya sheria Huye yenye kliniki ya msaada wa kisheria. Wanafunzi wake wakisimamiwa na mawakili wanaweza kupitia mikataba ya ruzuku ya vyama vidogo. Watajifunza kazi ambayo soko linaihitaji, na vyama vitapona. Nyumba za haki, zile MAJ zilizo katika kila wilaya, zinafanya kazi kubwa kwa mwananchi mwenye mgogoro wa shamba au wa ndoa. Naomba ziongezewe mtu mmoja anayeelewa vyama na kodi. Chama cha Mawakili kimekuwepo tangu 1997. Mawakili wenye moyo wa kujitolea Jumamosi moja kwa mwezi hawakosekani humo.

Na mfadhili, hasa chuo kikuu cha ng'ambo chenye mawakili wake, akitaka kushirikiana na chama cha Niboye kwa haki, aweke kwenye bajeti mstari wa ushauri wa sheria na kodi kwa upande wa mpokeaji. Si wakili wake atusaidie. Atugharamie wakili wetu. Asiyekubali hilo anataka mtu wa kubeba hasara.

Wakati tukisubiri wakubwa waamue, yako mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mwenye chama asisaini mkataba siku ulioletwa. Aombe wiki moja, na amtafute hata mhasibu mmoja mstaafu aupitie. Aulize mapema ni nani anayebeba kodi ya mtaalamu, na kiasi hicho kiandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Nawe mama wa mpakani, mtafiti akija na karatasi zake, muulize maswali 5 kabla hujajibu lolote. Kibali chako kiko wapi? Jina langu litaandikwa, au namba tu? Taarifa zangu utazihifadhi wapi, na nani atazisoma? Nikikataa au nikibadili mawazo kesho, nitakupata kwa simu gani? Na matokeo utatuletea lini hapa sokoni? Mtafiti mwaminifu atafurahi kuulizwa, maana hayo ndiyo aliyofundishwa. Asiyeweza kujibu, mwache aende, uendelee kuuza nyanya zako.